Tusimsukume Kapiteni wa Mashua

Hapa Kamina sisi ni watu wa reli. Maji makubwa tunayoyajua ni Lualaba kule Bukama. Lakini kila mwaka wenzetu wa internat wenye kutoka Moba wanapanda treni mpaka Kalemie, kisha wanaingia mashua ya motere kufuata kando ya Ziwa Tanganyika. Wakirudi wanatuelezea wakicheka: « Wee, siku ile tulikunywa maji! » Sisi hatucheki tena.

Tazameni kalenda. Likizo kubwa inaanza mwezi wa 7, na masomo yanafunguliwa mwanzo wa mwezi wa 9. Ndio kiangazi, wakati upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Ziwa lile lina urefu wa kilometa karibu 670, njo kusema upepo unasukuma maji mbali sana mbele ya kukufikia. Wakati wa kwenda Moba mashua inapigana na mawimbi uso kwa uso: watu wanalowa, wanatapika, lakini kapiteni anayaona yanayokuja. Hatari zaidi ni kurudi. Wimbi linatoka nyuma, linainua mkia, motere inazunguka katika hewa, pua inazama, mashua inageuka ubavu. Wimbi la pili likiikuta vile, basi.

Kuna wanaosema: « Hakuna shida, tunapita karibu na inchi kavu. » Si kweli. Kando ile iko na milima na mawe. Motere ikizimika pale, mawimbi yanatupa mashua juu ya mawe. Na tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, katika Ziwa Kivu, mashua iliyotoka Minova ilizama bandari ya Goma ikionekana kwa macho. Watu wengi walikufa mbele ya wale waliokuwa wakiwangoja. Kapiteni mwenye akili anajitenga na mawe, anapunguza mwendo, anawaketisha watu chini. Mwenye akili zaidi anangoja bandarini.

Hapo ndipo neno letu. Kapiteni akisema tungoje, nani anamkatalia? Ni sisi abiria. « Twende paka vile! Ni upepo kidogo! » Mwenye biashara anaogopa samaki wake kuoza, na mwanafunzi anaogopa azabu ya kuchelewa. Mwezi wa 12 mwaka 2014, mashua Mutambala ilizama katika Tanganyika hiyo hiyo, upepo mkali na watu wamejazana. Zaidi ya 100 walikufa.

Basi tunaomba wakubwa wetu: mwanafunzi wa upande wa ziwa akichelewa siku mbili tatu sababu ya upepo, na akileta barua ya mzazi au ya mchungaji wake, asirudishwe nyumbani wala asipewe shamba la kulima. Wamoja watasema wavivu watapata mlango. Pengine mmoja atadanganya, tunamjua hata jina! Lakini uongo wake tunaweza kuuvumilia. Kile kingine hatuwezi.

Wenye kutoka Moba waandikishe majina yao kwa mkubwa wa internat mbele ya treni ya likizo. Na ninyi wazazi, tafadhali, mkituma pesa ya tiketi, ongezeni na ya jile ya kuelea.