Visiwa vya Kujazia Mizani

Katika ushairi wa pwani lipo kosa ambalo wajuzi wa fani hawalisamehe: kutia neno si kwa kuwa maana imelihitaji, bali kwa kuwa mshororo umepungua mizani mbili. Neno hilo huonekana limo, na kumbe halimo. Ukilitoa, shairi haliumwi. Midahalo ya wagombea urais wa Marekani, inayosifiwa huku na huko kuwa ndiyo kilele cha mabishano ya kistaarabu, imejaa kosa hilo hilo. Tofauti ni moja tu: maneno yake ya kujazia ni nchi za watu, na watu wenyewe wamo ndani.

Mdahalo wa kwanza wa televisheni baina ya wagombea wawili wakuu ulifanyika Chicago tarehe 26 Septemba 1960, kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon. Ilikwisha kubaliwa kuwa usiku huo yazungumzwe mambo ya ndani. Kennedy, aliyetangulia kusema, alianza na Khrushchev na mapambano ya dunia, kisha ndipo akateremka kwenye viwanda vya chuma, chakula cha watoto wa shule na mishahara ya walimu. Dunia nzima ikafanywa mbuzi wa kukunia nazi ya nyumbani.

Mwezi uliofuata ikafika zamu ya visiwa. Quemoy, ambacho wenyewe hukiita Kinmen, na Matsu viko kilomita chache tu kutoka pwani ya China bara, lakini vilikuwa, na vingali, chini ya serikali ya Taiwan. Tangu tarehe 23 Agosti 1958 Kinmen kilikuwa kimemiminiwa makombora kutoka bara. Katika midahalo ya tarehe 7 na 13 Oktoba 1960 Kennedy alishikilia kuwa visiwa hivyo ni vigumu kulindwa na si vya lazima kwa ulinzi wa Taiwan. Nixon akajibu kuwa jambo si udogo wa ardhi, ni msimamo, na kwamba kuviachia ni kumfungulia adui mlango. Kila mmoja alitaka mpiga kura wa Ohio au Texas amwone mwenzake aidha mropokaji wa vita au mwoga. Mkulima wa Kinmen, aliyelala handakini na wanawe, hakutajwa. Uchaguzi ulipokwisha tarehe 8 Novemba, visiwa vilitoka katika ndimi za wakubwa, makombora hayakutoka. Yaliendelea kurushwa, siku moja ndiyo na siku moja hapana, hadi mwanzo wa mwaka 1979.

Msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kufasiriwa hali hiyo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwao kisiwa cha Heligoland kilikwenda kwa Mjerumani, naye akamtambulia Mwingereza himaya yake juu ya Zanzibar. Si mvuvi wa huko wala mchumaji karafuu wa huku aliyeulizwa. Kisiwa kidogo katika hesabu ya mkubwa ni chenji.

Ubaya wa mchezo huu haukomei kwenye kusahau. Kennedy alipotoa wito wa kuwasaidia Wakyuba waliompinga Fidel Castro, Nixon aliushambulia hadharani kuwa ni wito wa hatari. Kumbe serikali ambayo yeye alikuwa makamu wa rais wake ilikuwa ikiwafunza wapiganaji hao kwa siri, naye akiunga mkono. Mwaka 1962 alikiri mwenyewe katika kitabu chake kwamba alisema kinyume ili kuilinda siri hiyo. Mamilioni walimsikiliza mtu akipinga kwa ufasaha jambo alilolitaka. Aprili 1961 kiasi cha watu 1,400 walitua Bay of Pigs. Zaidi ya 100 wakauawa, na wengi wa waliosalia wakatekwa. Mpiga kura aliyedhani ameyapima mambo ya nje alikuwa amepewa mizani isiyo na jiwe.

Nusu karne baadaye nazi na mbuzi vilibadilishana nafasi, upishi ukabaki ule ule. Tarehe 22 Oktoba 2012, mjini Boca Raton, Florida, Barack Obama na Mitt Romney walikutanishwa kuzungumza mambo ya nje peke yake. Mara kwa mara wakakimbilia nyumbani: biashara ndogo ndogo, ajira, shule za Massachusetts, mpaka msimamizi, Bob Schieffer, akalazimika kuwakatiza kwa kusema kuwa walimu wanapendwa na wote. Romney alipoulizwa juu ya ndege za kivita zisizo na rubani, alisema anaafikiana na rais, na swali likafa hapo. Obama, ambaye ndiye aliyekuwa akizituma Pakistan na Yemen, hakuulizwa. Wapinzani waliogombana juu ya idadi ya manowari hawakuona la kugombania katika roho za watu.

Watetezi husema: mgombea huomba kura kwa watu wake, hivyo ana haki ya kutanguliza unga, ada na hospitali za kwao. Ni kweli, wala hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa hilo. Anayesema waziwazi kuwa fedha hizi ni za shule na si za vita amesema neno la kiungwana. Lawama ni kwa yule anayeitaja nchi ya mbali ili aonekane dume, kisha asiseme nani atalipa, nani atakufa, na itakwisha lini. Huyo hakupima ndani na nje, amejaza mshororo.

Malumbano ya washairi wa Kiswahili yana adabu ambayo midahalo hiyo haijaifikia. Anayejibu hufungwa na swali. Kwa ada huchukua bahari ile ile aliyoulizwa kwayo, na asipolifumbua fumbo, hadhira humjua kuwa ameshindwa, hata awe na sauti ya kinanda. Ukwepaji hauitwi umahiri. Wasimamizi wa midahalo, popote ifanyikapo, wangeanzia hapo: kila nchi itakayotajwa, mgombea aulizwe papo hapo bei yake kwa watu wake na bei yake kwa wenyeji, na asiendelee mpaka ajibu.

Huko Kinmen wafuaji vyuma waliyaokota maganda ya makombora wakayafanya visu vya jikoni, navyo vinauzwa hadi leo. Wenyeji hao wamelipatia chuma cha wakubwa matumizi ya maana kuliko wagombea walivyoyapatia maneno yao.