Mwacheni anayeanza aanze na menyu

Vyuo vingi humkabidhi mwanafunzi wa kilimo programu ya R siku ya kwanza ikiwa tupu: skrini nyeupe, kishale kinachopepesa, basi. Mimi huwasaidia wanafunzi wa uzamili hapa Nakuru kuchambua data, wengi wao wakiwa na majaribio ya viazi na ngano ya Njoro, Molo na Mau Narok, na nasema wazi kwamba tunawafukuza watu wazuri.

Mtu ameshinda shambani msimu mzima akipima mavuno. Anaandika "Mavuno" kwa herufi kubwa ilhali jedwali lake linasema "mavuno", na R inamjibu kwamba haioni kitu chenye jina hilo. Jioni imeishia hapo. Kesho yake utamkuta na programu ya takwimu ya SPSS ya wizi kwenye flashi, na virusi vyake.

Ziko programu za bure zinazoiwekea R menyu. John Fox wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alitunga R Commander. jamovi ilianza 2017. Lakini mimi ningeanza na R-Instat, maana ina mizizi hapa kwetu: walimu wa Chuo Kikuu cha Maseno walikuwa miongoni mwa walioianzisha, na mwaka 2015 mchango ukaitishwa mtandaoni ili ijengwe. Ina menyu nzima ya hali ya hewa, ya kutafuta mvua ilianza lini na ikakatika lini, swali ambalo kila mkulima wa Bonde la Ufa huwa nalo Machi ikifika. Imetengenezewa Windows, mwenye Mac achukue jamovi.

Tazama jambo moja tu. Aina nne za viazi zimepewa namba: Shangi ni 1, Unica ni 2, na kuendelea. Programu ikizichukua kama vipimo, itadhani aina ya nne ni Shangi mara nne, na digrii za uhuru zitakuwa 1 badala ya 3. Hakuna onyo litakalotokea. Tasnifu itachapwa hivyo hivyo. R-Instat huweka herufi F kando ya jina la safu iliyo ya makundi, na jamovi huchora rula kwenye safu ya vipimo. Mwanafunzi anaona kosa kabla hajachambua chochote.

Wenzangu husema menyu zinazalisha wavivu. Zinazoficha amri, ndiyo, na hizo nazikataa. R Commander na R-Instat huandika amri ya R kwa kila unachochagua. Mwanafunzi anaisoma, anabadilisha neno moja, anaiendesha tena. Hivyo ndivyo nilivyoona watu wakijifunza R bila kulia.

Basi idara za kilimo ziweke R-Instat kwenye kompyuta za maabara kabla ya muhula kufunguliwa, wasio na bando wanakili kwa flashi, maana leseni inaruhusu, na kila tasnifu iambatishwe amri zilizotoa majedwali yake.