Mastaa, Mnapotupigia Debe Simu za Ofa, Semeni Kwanza Kama Zimefungwa

Jamani wadau, wiki hii tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Turudi kwenye ile video ya mwanadada wa Bongo Movie, jina kapuni, aliyesimama mbele ya kioo cha duka moja la simu Kariakoo, kucha ndefu, macho matatu mkononi, akatuambia: "Laki saba tu wapenzi wangu, ofa mpaka Jumapili, mkifika semeni nimewatuma mimi." Mliiona. Na wengine mlienda, nyie msinidanganye.

Kilichofuata pia mlikiona. Watu wakaanza kulalamika chini ya video ileile kwamba simu walizonunua zinazingua, mara mtandao umepotea, mara inadai laini ambayo Tanzania nzima haipo. Yeye akajibu mara moja tu, kisha akafunga sehemu ya maoni: "Kila mtu awe makini na hela yake, mimi nimetangaza tu, sijauza."

Leo nataka tuzungumze hilo jibu lake. Nguo alizovaa siku ile hazinihusu.

Tuanze na hii kitu kinachoitwa simu iliyofungwa, kwa sababu wengi tunalisikia neno hatujui limetoka wapi. Kule Marekani watu wengi hawalipi hela yote ya simu kwa mkupuo. Kampuni ya mtandao inakupa simu, unalipa kidogo kidogo kila mwezi, mpaka deni liishe. Kwa hiyo wanaifunga isikubali laini ya kampuni nyingine. Halafu kuna zile za malipo ya kabla, za kuweka vocha kama sisi. Hizo unazikuta zimening'inizwa supamaketi pembeni ya betri na chokoleti, na nyingi zinauzwa chini ya thamani yake halisi. Kampuni haijawa na huruma. Inategemea kurudisha hela yake kwenye vocha utakazoweka miezi inayofuata, na ndiyo maana na zenyewe zinafungwa. Kampuni moja kubwa ya biashara hiyo, TracFone, ilienda mahakamani mara kadhaa kushitaki watu waliokuwa wananunua simu zake kwa mzigo, wanazifungua, kisha wanazisafirisha kuziuza nchi nyingine.

Hata iPhone yenyewe ilipotoka mwaka 2007 pale Marekani ilikuwa ya mtandao mmoja tu, AT&T. Ilibidi ifike mwaka 2014 ndipo Obama akasaini sheria ya kumruhusu mwenye simu kuifungua ahamie kwingine. Ruhusa ipo, lakini kampuni bado ina masharti yake: deni liwe limeisha, simu iwe imetumika muda fulani, isiwe imeripotiwa kuibiwa. Simu iliyotimiza masharti hufunguliwa rasmi, na hiyo unaitumia popote. Ambayo haijatimiza, wajanja huitafutia njia ya pembeni, na nyingine zinaishia kwenye begi la mtu anayekuja Dar.

Wenye ndugu huko mnalijua hili vizuri. Shangazi anashuka na simu mpya kabisa, bado ina plastiki yake, kaichukua supamaketi kwa dola chache, nyumba nzima inashangilia. Unaweka laini, simu inakuuliza namba ya siri ya kufungua mtandao. Shangazi anasema "mbona kule ilikuwa inapiga?" Kule ndiko kwao, shangazi.

Sasa Kariakoo. Nisiwaonee wafanyabiashara wote, wapo wanaokuambia kabisa: hii imefunguliwa rasmi bei hii, hii ya chipu bei ile, chagua. Hao nawaheshimu. Tatizo ni yule anayekuonyesha simu ya chipu kwa maneno ya "mtumba safi wa Marekani" na kunyamazia hapohapo. Kwa ambao hamjaiona, hiyo chipu ni kitu chembamba kama ganda la kitunguu. Inawekwa pamoja na laini yako, wengine wanaiita R-SIM, na kazi yake ni kuidanganya iPhone ione kwamba bado iko kwenye mtandao wake wa Marekani. Simu inapiga, bando linaingia, unaondoka dukani unatabasamu. Shida inaanza siku ukiisasisha programu, au ukiifuta yote ianze upya, maana Apple wanazijua hizo mbinu na huwa wanaziziba. Uongo ukigundulika, mtandao unakata.

Msusi wangu yuko Tabata, binti wa miaka 22, ana mikono ya dhahabu. Alikuwa anacheza mchezo na wenzake wa saluni, kila siku anatoa chake, na zamu yake ilipofika akapokea laki saba taslimu. Video ya yule mwanadada ilikuwa imetoka siku hizohizo. Hakufikiria mara mbili, na mimi simlaumu: alitaka kamera nzuri apige picha za mitindo yake, kwa sababu wateja wa siku hizi wanakuja na picha waliyoiona mtandaoni. Wiki tatu mambo yalikuwa moto. Akapata wateja mpaka kutoka Kigamboni.

Usiku mmoja simu ikamwambia kuna toleo jipya la programu, naye akakubali. Asubuhi haina mtandao. Nilipofika kusuka nikamkuta kainamia mapaja.

"Dada, kwani kuna simu inayokataa laini?" akaniuliza.

Laini yenyewe aliihamishia kwenye kiswaswadu cha mama yake, hela zake zikapatikana, shukuru Mungu. Lakini picha zote, oda zote za WhatsApp, wateja wanaotuma "dada upo leo?", vyote vilikwama kwenye ile simu mpaka apate mahali penye waifai. Saluni ya Tabata haina waifai. Dukani walimjibu kwamba si ameapdeti mwenyewe, na kwamba simu ikishatoka hairudi. Fundi akamtajia elfu arobaini ya kubadilisha chipu, bila kumhakikishia lolote. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza kama simu imefungwa, akaniangalia kama nimeongea Kichina. Hakuwa anajua kwamba swali hilo lipo.

Na hapa ndipo jibu la staa wetu linaponikera. "Awe makini na hela yake." Makini kwa kitu gani, kama neno lenyewe hujawahi kumwambia? Wewe umelipwa kwa sababu watu wanakuamini. Duka halikukuita kwa ujuzi wako wa simu, lilikuita kwa sababu binti wa Tabata akikuona anasema "dada yangu hawezi kunidanganya". Hiyo imani ndiyo uliyoiuza, mama. Kwa hiyo ile ya "sijauza" naikataa.

Halafu tuseme ukweli, simu yake mwenyewe haijafungwa. Tunamuona kila akitua Dubai, kabla hajatoka uwanja wa ndege keshaweka laini ya kule na anatupostia mabegi. Angekuwa na ya chipu tungemsikia.

Najua watetezi wake watasema, bei ile ulitegemea nini? Hoja ina uzito, siikatai yote. Simu ya chipu ni rahisi kwa sababu ina kasoro, na yupo mtu mwenye hela kidogo ambaye yuko radhi kuishi na kasoro hiyo ilimradi apate kamera. Ni haki yake. Ila uradhi unakuja baada ya kuambiwa. Muuza mitumba wa Ilala akikuambia shati lina tundu kwapani, ukalinunua, mmemalizana. Akilikunja tundu lisionekane, hapo ni jambo jingine. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji.

Wenzetu wengine wameshachoka na hii michezo. Canada tangu Desemba 2017 simu mpya zinatakiwa kuuzwa zikiwa wazi, na ada ya kufungua ikapigwa marufuku. Uingereza ikafuata Desemba 2021, kampuni za mitandao zikakatazwa kuuza simu zilizofungwa. Marekani, ambako ndiko mitumba yetu mingi inadaiwa kutoka, bado wanafunga.

Kuna kufuli jingine ambalo siku hizi limeshika kasi, la simu za mkopo. Mnamkumbuka yule kijana wa Singeli, naye jina kapuni, aliyekuwa laivu anatamba, mara kioo kikamwandikia alipe deni kwanza? Mlicheka wiki nzima. Mimi sikuona la kucheka. Yule aliambiwa tangu mwanzo: tanguliza kiasi, lipa kila siku, ukichelewa simu inajifunga. Kenya mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa namna hiyo, kuanzia shilingi 20 za kwao kwa siku, na watu waliokuwa na vitochi wakaingia kwenye simu janja. Kufuli la aina hiyo lina mkataba na lina mwisho. Ubaya ni pale mtu anapoichukua kwa mkopo, analipa wiki mbili, kisha anakuuzia wewe pale stendi ya daladala kwa bei ya kutupa. Deni linabaki kwenye simu, simu iko kwako. Utalilia wapi?

Basi mkienda dukani, kaka na dada zangu, msione aibu kusumbua. Kwa iPhone ingia Settings, halafu General, halafu About, shuka mpaka uone Carrier Lock. Ikiandika No SIM restrictions, iko wazi. Ikiandika vinginevyo, muuzaji akupe maelezo, na maelezo hayo yaingie kwenye bei. Chomoa kitunzia laini mbele yake uangalie kama kuna hilo ganda la kitunguu. iPhone za Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina hata tundu la laini, zinatumia eSIM tu, kwa hiyo ukichukua ya namna hiyo hakikisha mtandao wako unakuwekea hapohapo dukani kabla hujatoa hela. Kwa simu nyingine weka laini yako, piga, kisha weka ya mtandao mwingine, piga tena. Hakikisha pia haina akaunti ya iCloud au Google ya mtu mwingine, maana hiyo hata fundi wa mbinguni atahangaika nayo.

Piga *#06# zitokee zile namba 15, uzitume kwenda 15090. Huo ni utaratibu wa TCRA wa tangu enzi za kuzima simu feki, Juni 2016. Utajibiwa simu ni ya kampuni gani na ya aina gani. Ikija tofauti na unachokiona mkononi, rudisha. Ila wengi wanachanganya hapa: ujumbe ule haukuambii kama simu imefungwa mtandao. Simu inaweza kuwa halisi kabisa na bado ikakataa laini yako. Na dai risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya simu. Ukiambiwa mashine mbovu, duka la jirani lina mashine nzima.

Kwa mastaa ninachoomba ni kidogo mno. Kabla ya kurekodi tangazo muulize mwenye duka hizi simu zimefunguliwa rasmi au ni za chipu, na jibu lake liwemo ndani ya video. Sekunde tano hazitaharibu meki-apu. Kama jibu hulipendi, rudisha hela ya watu, mbona matangazo ya sabuni bado yapo.

Wiki ijayo kuna duka lingine linafunguliwa Mwenge, na tetesi ni kwamba mkata utepe ni yule mkali wa Bongo Fleva mwenye wimbo unaopigwa kila harusi sasa hivi, ambaye mwenyewe watu wake wa karibu wanasema simu yake ya kupigia ni kiswaswadu. Kaka, tunakupenda sana. Ukishika mkasi, muulize mwenye duka hilo swali mbele ya kamera. Msusi wangu wa Tabata atakuwa anaangalia, kwenye simu ya mtu mwingine.