Mwokota mawe aliyegeuka bingwa wa vito

Hapana mwalimu wa shule ya msingi asiyemjua yule mwanafunzi ambaye mifuko ya kaptura yake imetoboka kwa kubebeshwa mawe. Aghalabu huamriwa ayatupe nje, kisha somo likaendelea. Mimi nami niliamriwa hivyo, nikatii. George Frederick Kunz hakuyatupa ya kwake.

Kunz alizaliwa mjini New York, Marekani, mwaka 1856, akalelewa Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson. Miamba ya New Jersey ilikuwa ikichimbwa kupitisha reli, na kijana huyo akawa anachakura vifusi kutafuta fuwele. Alibadilishana vipande na wakusanyaji wa mbali, akahudhuria mihadhara ya jioni Cooper Union. Shahada hakuipata. Hata hivyo, kabla hajatimiza miaka 20, alikuwa amekiuzia Chuo Kikuu cha Minnesota mkusanyo wa mawe yapatayo 4,000 kwa dola 400. Fedha hizo si nyingi kwa kazi ile, lakini tangu hapo nani angethubutu kuuita mchezo wa mtoto?

Mwaka 1879 Tiffany, duka mashuhuri la vito, lilimwajiri, naye akalitumikia hadi kifo chake mwaka 1932. Matajiri wa wakati ule walitaka almasi, yakuti na zumaridi tu. Kunz ndiye aliyewashawishi wayatazame mawe mengine ya rangi. Jiwe la waridi lililopatikana California mwaka 1902 liliitwa kunzaiti kwa heshima yake. Yeye naye akapendekeza jingine, la kutoka Bukini, liitwe moganaiti, kwa heshima ya J. P. Morgan, bwana wa mabenki na mteja wake mkubwa. (Mfadhili hasahauliki!) Chuo Kikuu cha Columbia, ambacho hakikumfundisha, kilimtunuku shahada ya heshima.

Mwanaisimu hawezi kuyapita majina haya kimya. Almasi, yakuti, zumaridi na feruzi ni maneno yaliyotufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Hata sonara ametoka Bara Hindi. Tumeyazoea hata tukayaona yetu. Lakini vito vya ardhi yetu wenyewe vilipewa majina kwa ajili ya soko la New York. Jiwe la buluu la Merelani, Tanzania, liliitwa tanzanaiti na duka lile lile la Tiffany mwaka 1968. Lile la kijani, ambalo Mskoti Campbell Bridges alilipata Tanzania mwaka 1967 na baadaye Taita, lilitangazwa na Tiffany mwaka 1974 kwa jina la tsavoraiti.

Silalamikii jina, maana Tsavo ni kwetu. Linaloniudhi ni kwamba mtoto wa Taita aweza kumaliza shule akijua tarehe za vita vya Ulaya, asijue jiwe alilojikwaa nalo akichunga mbuzi.

Rafu moja darasani yatosha. Kila jiwe liwekewe kikaratasi chenye jina lake, mahali lilipookotwa, tarehe na jina la mwokotaji. Asiyejua jiwe lake linaitwaje aandike vile nyanya yake aliitavyo. La kitabuni litafuata.