Mchango Wangu Si wa Ukuta: Barua kwa Watu wa Kedowa



Nimeona kwenye kundi letu la WhatsApp mchoro wa makao ya watoto mnayotaka kujenga, pamoja na orodha ya wanaodaiwa mchango. Jina langu liko juu kabisa, maana mtu akishafika Minnesota, Marekani, hudhaniwa anachuma dola kama tulivyokuwa tukichuma chai. Kuchanga nitachanga. Ninachokataa ni ukuta.

Kwanza kuna sheria. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka wa 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, na pamoja nayo mkakati wa taifa wa kubadilisha malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watolewe makaoni, warudi kwa jamaa zao au walelewe na familia nyingine iliyokaguliwa. Sisi ndio kwanza tunanoa majembe tuchimbe msingi.

Halafu watoto wenyewe wana watu. Kumbukeni ajali ya Londiani Junction, Juni 30, 2023, lori lilipowaparamia abiria na wachuuzi na watu zaidi ya 50 wakafa. Nikiwauliza mtoto aliyefiwa pale kwetu hulelewa na nani, hamtanitajia jengo. Mtanitajia kogo (nyanya), shangazi, au jirani wa kokwet (kijiji). Kogo huyo ana vishina vichache vya chai na bonasi ya mara moja kwa mwaka. Akibahatika kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, atapata shilingi 2,000 kwa mwezi, awe analea mjukuu mmoja au watano. Bei ya mabati ya hayo makao ingemfikisha mbali sana.

Najua mtasema huku ng'ambo serikali ina pesa. Ni kweli, na bado mambo hayajanyooka. Watoto weusi na wa Wenyeji wa asili huondolewa makwao mara nyingi zaidi kuliko wazungu, hadi bunge la jimbo la Minnesota likapitisha sheria mwaka wa 2024 kujaribu kulizuia hilo. Lakini kuna jambo moja ningependa mliige. Kijana aliyelelewa na familia ya kupangiwa hapa Minnesota anaweza kuendelea kusaidiwa hadi miaka 21. Tangu 2022 kuna ruzuku ya chuo kwa waliokuwa katika malezi hayo baada ya kutimiza miaka 13. Na waliodai ruzuku hiyo, wakisimama na shirika la Foster Advocates, walikuwa vijana wenyewe.

Niliwahi kumsindikiza mmoja wao kwenye kikao cha kamati ya bunge hilo pale St. Paul. Binti wa miaka 19, amevaa koti la kuazima, mkononi karatasi moja. Nilidhani atasimulia alivyoteseka, watu watoe leso. Wapi! Alisoma fomu. Akataja kisanduku kinachotaka sahihi ya mzazi, akaeleza kinavyomfungia mlango mtu asiye na mzazi wa kutia sahihi, akapendekeza maneno ya kuandikwa mahali pake. Mbunge mmoja aliyekuwa akichezea simu aliiweka chini, akaomba nakala.

Sasa fikirini kijana wa kwetu aliyetoka makaoni akiwa na miaka 18. Anaenda kutafuta kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Mzazi yupi? Bila kitambulisho hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, na kazi ya kuandikwa haipati. Anayeijua vizuri foleni hiyo ni aliyeipanga. Nchini mwetu wapo waliolitambua hilo zamani: Stephen Ucembe, aliyekulia makaoni, na wenzake walianzisha KESCA, chama cha Wakenya waliolelewa kwenye makao, ili wazungumze na serikali wao wenyewe. Sisi vijana wetu tuliwazoesha kuwaimbia wageni wanaokuja na magunia ya unga. Hilo huniudhi hadi leo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo tunavijua: wazee huja kuuliza barabara na bei ya mbolea, kijana wa makaoni hayumo. Mpelekeni. Aulize kwa nini fomu ya basari ya wadi inataka mzazi, na kijana akifikisha miaka 18 anakabidhiwa kwa nani. Akiambiwa mambo ya watoto ni ya serikali ya kitaifa, na ataambiwa, aombe barua ya kumpeleka kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, asitoke pale mikono mitupu. Chifu naye awe tayari kumwandikia anayemfahamu.

Pesa zangu nimeshazituma kwa mweka hazina. Ni za nauli ya vijana hao kwenda vikaoni Kericho na kurudi, chakula chao cha mchana, na kupiga chapa yale watakayosema. Zikibaki, mnunulieni kogo mmoja sare za shule za wajukuu. Kamati yenu ya ujenzi ikiona ni heri simiti, basi inirudishie.

Wenu,
mtoto wa Kedowa, Minnesota