Mfuko Mtupu Si Uzembe

Mwandishi mmoja aliyedai kuwa mjamzito anayefika wodini mikono mitupu ni mzembe amemwonea. Mama anayeponda mawe ya dhahabu Rwamgasa, mkoani Geita, hulipwa kwa siku, tena si kila siku. Khanga na nguo za mtoto, sawa, aandae mapema, na baba atoe hela. Lakini glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kujifungulia? Hivyo ni vifaa vya mkunga! Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure. Asiye na glovu huona aibu, akajifungulia nyumbani, damu ikimwagika bila msaada. Halmashauri za Geita hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya mgodi wa dhahabu. Zinunue vifaa hivyo kwanza.