Asilimia 90 Isiyokwisha

Kila aliyewahi kusimamia mradi wa programu analijua jibu hili: "Tumefika asilimia 90." Wiki ijayo ni 90, na mwezi ukiisha bado ni 90. Toleo hili tumelitenga kwa mbinu za kusimamia miradi ya programu, nami nina hoja moja: mbinu yoyote, iwe ya hatua kwa hatua, skramu (kazi ya vipindi vifupi) au kanbani (kadi za kazi ubaoni), ipimwe kwa jinsi inavyouanika ukweli mapema, kabla marekebisho hayajawa ghali.

Mwaka 1970 mhandisi wa Marekani, Winston Royce, alichora hatua za kazi zikifuatana: mahitaji, usanifu, kuandika msimbo, majaribio, uendeshaji. Papo hapo akaonya kwamba kuzifuata hivyo ni kukaribisha hasara, kwani majaribio huja mwishoni, na kasoro ya usanifu ikigunduliwa hapo, kazi hurudi mwanzo. Mchoro ulienea duniani, onyo likasahauliwa. Zabuni nyingi hadi leo zinaandikwa kwa kuufuata: malipo yanatoka hati zikitiwa saini, na mtumiaji anaiona programu siku ya makabidhiano.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ililipia somo hili mara mbili. Mradi wake wa Virtual Case File, uliokusudiwa kuondoa makaratasi kwenye majalada ya kesi, ulitupwa mwaka 2005 baada ya kumeza takriban dola milioni 170. Uliofuata, Sentinel, ulianza mwaka 2006, nao ukakwama. Mwaka 2010 FBI iliuchukua kutoka kwa mkandarasi, ikabaki na timu ndogo, ikafuata skramu: kila wiki mbili timu ilionyesha kilichokwisha kufanya kazi. Mfumo ulianza kutumika mwaka 2012. Kwa maoni yangu, kilichouokoa ni yale maonyesho. Ama kipo cha kuonyesha, ama hakipo.

Hata M-Pesa ilizaliwa kwa kusikiliza mapema. Majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yaliwalenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo kwa simu. Punde wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, wengine wakaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wazitoe wakifika. Wenye mradi wakayafuata matumizi hayo, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Lau hati ya awali ingetekelezwa neno kwa neno, tungepata mfumo wa kulipia mikopo, basi.

Kinachoniuma ni kuona timu zetu zikishika desturi za mbinu hizi bila kushika kazi yake. Tazama kikao cha asubuhi, dakika 15, watu wamesimama mbele ya ubao. Kadi ya "Marejesho ya malipo" imekaa safu ya "Inaendelea" wiki ya tatu sasa, gundi imechoka, imebandikwa upya kwa selotepu. Kijana mwenye kadi anaulizwa, anajibu, "Naendelea nayo, bosi." Kinachomkwamisha anakijua: benki haijampa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wake wa majaribio. Lakini jana mwenzake aliyesema amekwama alifokewa mbele ya watu, kwa hiyo ananyamaza, na barua ambayo meneja angeiandikia benki asubuhi hiyo haiandikwi.

Siri ikifichuka, tarehe imekaribia, na wakubwa huongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuuongezea watu mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, watu 10 wana jozi 45, na wageni wanafundishwa na walewale waliolemewa.

Meneja akiambiwa "nimekwama", ashukuru mbele ya wote, kisha aende kukiondoa kikwazo siku hiyohiyo. Na kwa wanaoandika zabuni, serikalini na kwenye mashirika, ombi letu ni kifungu kimoja tu: malipo ya kila awamu yatoke baada ya karani wa dirishani kuitumia sehemu iliyokamilika kuhudumia wateja wake halisi, na sahihi inayohitajika iwe yake, kabla ya ile ya mkurugenzi.